Kila mwezi Lubumbashi: ulale hoteli ya bei nafuu, misheni, au upange nyumba yenye samani?

Anayekuja Lubumbashi mara moja kwa mwaka, kwa ndoa au matanga, hulala popote akaondoka. Ulinganisho huu ni wa wale wanaorudi: mfanyabiashara wa Kasumbalesa, fundi wa Kolwezi anayefuata mambo ya ofisi mjini, mwalimu wa Likasi mwenye masomo chuo kikuu cha UNILU, mama anayeleta mgonjwa hospitali ya Sendwe kila baada ya wiki chache. Kasoro ambayo mpita njia huisahau, kama maji kukosekana alfajiri, kwa mtu anayerudi inakuwa sehemu ya maisha yake, na pesa humvuja taratibu bila kujua zilipitia wapi.

Njia tatu ndizo wengi huzipima: hoteli ya bei nafuu, hasa zile za tajiri mmoja zenye nyumba mbili tatu mjini kwa jina moja, nyumba ya mapokezi ya misheni, na nyumba ndogo yenye samani inayopangwa kwa mwezi. Habari ya kulala kwa ndugu tutaigusa mwishoni, maana nako kuna gharama zake.

Vipimo kwanza

*Pesa.* Bei iliyobandikwa mapokezi ni mwanzo tu. Ongeza chakula, kufua nguo, na nauli ya kwenda kazini na kurudi. Uliza kama TVA, kodi ya ongezeko la thamani, imo ndani ya bei: ni 16 kwa mia, kwa hiyo chumba cha dola 30 bila TVA kinaishia dola 34 na senti 80. Bei nyingi hutajwa kwa dola na watu hulipa kwa franka, kwa hiyo kiwango cha kubadilisha kiulizwe siku ya kuingia, kabla hujapokea ufunguo. Noti za dola ziwe safi: mpasuko mdogo pembeni unatosha noti kukataliwa, na ukigundua hilo asubuhi ya kuondoka, utaibadilisha kwa hasara barabarani.

*Umeme.* Hapa ndipo nyumba mbili za bei moja hutofautiana kabisa. Delestaji, yaani mgao wa umeme wa shirika la SNEL, ipo, na swali la maana ni nini hubeba nyumba wakati umeme umekatika. Grupu (jenereta) hubeba karibu kila kitu, ila hula mafuta, na mwenye hoteli huizima watu wakilala. Inveta na batri hazipigi kelele, ila hubeba vitu vidogo tu. Hesabu yake ni nyepesi: batri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 200 ina wati-saa 2400, na batri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 1200. Hizo zinatosha taa tano za wati 10, modemu na chaji za simu usiku kucha. Boila ya wati 1500 ingezimaliza kabla ya saa moja kutimia, na ndiyo sababu haiunganishwi nazo. Ukiambiwa “tuko na inveta”, usitegemee maji ya moto.

Boila yenyewe nayo ina mwendo wake. Ya lita 50 na wati 1500 inahitaji karibu saa moja na nusu kupandisha maji kutoka nyuzi 20 hadi 60. Umeme ukirudi alfajiri, atakayeoga nusu saa baadaye ataoga maji ya uvuguvugu, na wa chumba cha pili chenye boila hiyohiyo ataoga ya baridi. Juni na Julai jambo hili si dogo. Mji uko juu, mita 1200 na zaidi, na usiku wa kiangazi baridi hushuka chini ya nyuzi 10.

*Maji.* Uliza mambo mawili: maji yanatoka wapi, na tangi liko wapi. Maji ya Regideso, shirika la maji, peke yake bila tangi ni bahati nasibu. Kisima cha kuchimba chenye pampu ni kizuri, ila pampu hutaka umeme. Umeme na maji vikikatika pamoja, tangi ndilo linalookoa. Tangi la lita 2000 kwa vyumba 12 vya mtu mmoja mmoja, kila mtu akitumia lita 70 za kuoga na choo, linamaliza siku mbili. Angalia pia urefu wake. Kila mita 10 za kimo hutoa ba moja ya msukumo, kwa hiyo tangi lililokaa mita mbili juu ya bafu ya ghorofa ya mwisho halifikishi hata robo ya ba. Maji yatadondoka tu, na zile bafu za kupasha maji papo hapo hazitawaka, kwa sababu swichi yake husubiri msukumo mkubwa zaidi. Kwenye nyumba ya namna hiyo, omba chumba cha chini.

*Usalama na karatasi*: kufuli, mlinzi, mahali pa kuweka pesa, na fakitire (ankara) inayokubalika ofisini.

*Uhuru*: lango linafungwa lini, unaweza kupika, unaweza kupokea mgeni.

*Mahali.* Barabara ya Likasi hutoka upande mmoja wa mji na ya Kasumbalesa upande wa pili. Anayelala mtaa wa Golf wakati mzigo wake uko komuni ya Kenya, humu humu mjini, atavuka katikati ya mji mara mbili kwa siku, na msongamano wa jioni hauna huruma. Pima njia kwa muda wa saa ile utakayoipita kweli, kilomita zitakudanganya.

Hoteli ya bei nafuu

*Pesa.* Hulipi kitu siku ambazo hupo, na hiyo ndiyo faida yake kuu. Mteja wa kila mwezi asilipe bei ya ukutani. Mtu wa mapokezi mara nyingi hana ruhusa ya kupunguza, kwa hiyo zungumza na meneja, mchana, nyumba ikiwa tulivu, na uje na jambo la kumpa: “Papa, mimi nalala hapa usiku sita kila mwezi, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Utanifanyia bei gani kwa mwaka mzima?” Siku za katikati ya wiki zina nguvu kuliko wikendi. Akikataa kushusha bei, omba vitu ambavyo havimgharimu sana: chumba kilekile kila mara, sanduku lako kubaki stoo, nguo mbili tatu kufuliwa, kutoka jioni siku ya mwisho badala ya adhuhuri. Mkisikilizana, iandikwe kwenye karatasi yenye muhuri, kwa sababu meneja hubadilika na neno lake huondoka naye. Lipa mbele safari moja, usilipe tatu.

Kuna mtego wa basi la usiku. Anayefika kabla ya mapambazuko mara nyingi huhesabiwa usiku mzima ulioisha. Sikilizaneni mapema: mlinzi afungue, ukae kwenye kiti cha mapokezi, chumba kianze kuhesabiwa asubuhi.

*Umeme na maji.* Hoteli ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa na grupu, lakini uliza masaa yake: “Grupu inawaka toka saa ngapi mpaka saa ngapi?” Jibu la “inawaka kila mara” halitoshi. Nenda ukaangalie, umeme ukiwa umekatika. Ukisikia grupu iko chini ya dirisha la chumba chako, omba kingine. Bafuni kuwe na pipa au bido (madumu) mbili za lita 20 zilizojaa. Nyumba inayozijaza kila asubuhi bila kuombwa ni nyumba inayojua mji wake.

Umeme ukikatika, chomoa kompyuta na chaji. Ukirudi huja na mshtuko wa volti, na hapo ndipo vifaa huungua, wakati mwenye chumba amelala.

*Usalama na karatasi.* Hoteli ina zamu usiku na mchana, na mara nyingine sanduku la chuma. Ukiweka pesa humo, zihesabiwe mbele yako, kiasi kiandikwe, mtu atie sahihi. Usiache karte ya elekteri (kadi ya mpiga kura) mapokezi usiku kucha. Waandike namba kwenye fishi (fomu) ya mgeni wakurudishie, au wape kopi. Mfanyabiashara wa Zambia au Tanzania hapa ana nafuu, kwa sababu hoteli imezoea kuandika pasipoti na kujibu maswali ya DGM, watu wa uhamiaji. Mwenye kulipiwa na kampuni adai fakitire yenye namba ya RCCM (usajili wa biashara), namba ya kodi na TVA iliyotengwa; karatasi ya daftari yenye “imelipwa” itarudishwa na mhasibu.

Kaguzi mbili zifanyike kila mara, hata kama chumba unakijua. Ya kwanza ni kunguni: inua pembe ya godoro, washa taa ya simu, fuata mshono. Madoa meusi madogo yaliyopangana ni kinyesi chao. Begi likae juu ya meza hadi umalize. Ya pili ni mlango: kitasa kinachofungwa kwa ufunguo tu, bila komeo la ndani, kina funguo nyingine mahali fulani.

*Uhuru.* Unatoka na kuingia utakavyo. Kupika hakuna, na bukari na samaki wa mgahawa kila siku huongeza gharama. Kelele ndiyo lawama kubwa: nganda (baa) yenye muziki chini ya jengo, au kanisa lenye vipaza sauti siku ya mkesha. Omba chumba cha nyuma kinachoangalia ua. Jambo jingine husemwa kwa sauti ya chini lakini ni la kweli: hoteli nyingi za bei nafuu hukodisha vyumba kwa saa, mchana na jioni. Hilo huleta kelele za milango, mashuka yaliyobadilishwa kwa haraka, na nyuso mpya zisizoandikwa popote. Ukiona bei mbili mapokezini, ya usiku na ya “pasaje”, omba ghorofa ambayo haitumiwi hivyo. Ikiwa haipo, tafuta nyumba nyingine.

Zile za tajiri mmoja zenye nyumba kadhaa zina faida yake: moja ikijaa wakati wa mkutano mkubwa wa migodi, wanakupeleka nyingine kwa bei ileile, na daftari lako linajulikana kote. Hata hivyo jina moja halimaanishi tangi moja. Kila nyumba ipimwe yenyewe.

Nyumba ya mapokezi ya misheni

*Pesa.* Kwa kawaida ni chini ya hoteli, na chakula cha mezani ni cha kawaida na cha uhakika: bukari, sombe, maharage, samaki. Kupunguziwa bei si desturi yao. Ila anayelipa kwa wakati na kutunza chumba hupewa nafasi wakati wengine wanaambiwa kumejaa, na hiyo ni faida kubwa.

*Umeme na maji.* Misheni za zamani zilijengwa na watu waliofikiria miaka mingi mbele: visima, matangi juu ya minara, siku hizi na paneli za jua. Maji huwa ya uhakika kuliko hoteli nyingi. Grupu huwashwa kwa kubana, aghalabu wakati wa sala na chakula cha jioni. Maji ya moto chumbani usiyategemee. Mara nyingi ni ndoo kutoka jikoni, na inatosha.

*Usalama na karatasi.* Hapa ndipo misheni inapozidi. Lango moja, mlinzi anayekujua kwa jina, hakuna pasaje. Mwanamke anayesafiri peke yake na mizigo hulala bila kusogeza kitanda mlangoni. Risiti hutolewa, ila nyingi hazina TVA, kwa hiyo muulize mhasibu wako kabla.

*Uhuru.* Lango hufungwa mapema. Basi la Kolwezi likichelewa, utampigia simu mlinzi na kumwomba, na mara ya tatu hatafurahi. Pombe na wageni chumbani hapana, na wanandoa wanaweza kuulizwa. Vyumba hujaa ghafla panapokuwa na mafungo au upadirisho, kwa hiyo piga simu wiki moja kabla, kwa sista au padri mwenyewe anayeshika daftari. Ujumbe ulioachiwa mtu wa langoni hupotea.

Nyumba yenye samani kwa mwezi

*Pesa.* Njia hii huonekana rahisi hadi uandike yote. Kuna kodi, kuna garanti (pesa ya dhamana) ya miezi kadhaa, kuna malipo ya komisioneri (dalali) aliyekuonyesha, kuna mlinzi, usafi, umeme na maji. Tuchukue mfano, na wewe uweke namba zako. Nyumba ya dola 400 kwa mwezi, mlinzi na usafi 40, umeme na maji 30: jumla 470, uwepo usiwepo. Ukijipikia, chakula ni dola 5 kwa siku. Hoteli: chumba 30, chakula 10, kufua 2, yaani 42 kwa siku. Tofauti ni 37 kwa siku. Gawa 470 kwa 37, unapata karibu 12.7. Chini ya usiku 13 kwa mwezi, hoteli ni nafuu. Kuanzia 13, nyumba inaanza kushinda. Ukilinganisha na misheni ya dola 29 kwa siku pamoja na chakula, mpaka unasogea hadi usiku 20. Na garanti ya miezi mitatu ni dola 1200 zilizolala; kwa mfanyabiashara, huo ni mzigo mzima usionunuliwa.

Nyumba hubadilisha hesabu mkiwa wawili. Wenzako wa kazi wanaopishana wiki wanaweza kugawana kodi na gharama zile nyingine, na hapo kila mmoja anahitaji usiku saba tu.

*Umeme na maji.* Sasa wewe ndiye mwenye hoteli. Kompta (mita) ikiwa ya pamoja na wapangaji wengine, ugomvi hautakosekana, kwa sababu wewe hupo wiki mbili na fakitire inagawanywa sawa. Tafuta kompta yako peke yako, au iandikwe kwenye mkataba kwamba unalipa sehemu fulani tu. Nunua mapipa mawili ya lita 200 yenye vifuniko, na taa za kuchaji. Friji iliyozimwa iachwe wazi; ukiifunga ikiwa na unyevu, utarudi kwenye ukungu.

Neno moja lisisahaulike wakati wa baridi: mbabula, jiko la mkaa, isiingie chumbani. Makala (mkaa) yakiungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Hata makala yaliyogeuka mekundu bila moshi bado yanaitoa. Pikia uani, na mbabula ibaki huko huko. Blanketi zito la pili linatosha usiku wa Julai.

*Usalama na karatasi.* Nyumba tupu wiki mbili inajulikana na mtaa mzima. Badilisha kitasa siku ya kwanza, mlinzi awe wa ua mzima badala ya wako peke yako, na umjulishe jirani mmoja mzee. Orodha ya samani iandikwe na kusainiwa na wote wawili, pamoja na picha za nyufa, godoro na sinki; bila hiyo, garanti haitarudi yote. Thibitisha pia kwamba anayepokea pesa ndiye mwenye nyumba au ana barua yake. Komisioneri wawili huweza kuonyesha chumba kimoja kwa watu wawili siku moja.

*Uhuru.* Wote. Unapika, unapokea ndugu, unaacha nguo na bidhaa. Kinachopungua ni wepesi wa kuhama: kazi ikihamia Likasi, hoteli unaiaga kwa simu, nyumba unaiaga kwa notisi iliyoandikwa kwenye mkataba.

Na kwa ndugu?

Hakuna chumba cha bure. Mgeni wa kila mwezi analeta gunia la unga, mafuta, sabuni, na kitu cha watoto. Analala walipo watoto, na hao wanahamia sebuleni. Mara moja moja ni undugu. Kila mwezi, wiki nzima, ni vizuri kukaa chini na mwenye nyumba na mkewe, useme wazi: “Yaya (yaani kaka), nitakuwa nachangia hiki kila nikija.” Kisemwe kabla hakijaulizwa. Kwa wenye pesa nyingi mkononi kutoka sokoni, kulala kwa ndugu kuna hatari nyingine: habari ya pesa hutembea mtaani bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Kulingana na hali yako

Ukilala usiku 4 hadi 8 kwa mwezi, na tarehe hazijulikani, hoteli yenye bei iliyoandikwa inakufaa. Chagua ya upande wa barabara unayoingilia mjini, na ujue ya pili ya kukimbilia.

Ukiwa na tarehe za uhakika, unarudi mapema jioni, au wewe ni mwanamke unayesafiri peke yako na mzigo, ipe misheni nafasi ya kwanza. Mwanafunzi wa UNILU mwenye mitihani atapata ukimya humo, mradi njia ya Kasapa, kwenye kampasi, isiwe mbali mno.

Ukifika usiku 13 na kuendelea kwa miezi sita mfululizo, au mko wawili wa kupishana, fungua daftari la nyumba. Ila lala hapo kwanza usiku mmoja kwa malipo, Ijumaa au Jumamosi, ili usikie nganda, kanisa na grupu za majirani kabla ya kutoa garanti.

Mwenye kulipiwa na kampuni hana mengi ya kuchagua: fakitire kamili humpeleka hoteli.

Anayeleta mgonjwa atazame njia ya usiku kabla ya bei. Atafute mahali anapoweza kutoka usiku wa manane bila kuomba lango lifunguliwe, chumba cha chini kisicho na ngazi, na maji ya pipa yasiyotegemea pampu. Hoteli ndogo karibu na Sendwe, hata ikiwa na kelele, itamfaa kuliko misheni nzuri iliyo mbali. Mgonjwa akilazwa muda mrefu na ndugu wakapishana kumtunza, chumba cha kupanga jirani na hospitali, chenye ua wa kupikia, kitalisha mgonjwa na wauguzaji wake kwa pesa ambazo mgahawa ungezimaliza ndani ya wiki.